Siku Niliyopewa Zawadi Nikiwa na Sarafu Kinywani

Jamani, nitawasimulia, lakini anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Mimi ndiye yule mwanamke wa Mayfair. Najua mmesikia, habari ilifika Tanga kwetu kabla sijaipeleka mwenyewe (mama yangu mzazi aliipata kwa jirani, siyo kwangu, na hilo limemkera kuliko kosa lenyewe), na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, wengine wanasema niliiba ndoo ya sadaka, wengine wanasema nilimeza sarafu nikakimbizwa hospitali. Sikuiba ndoo wala sikumeza kitu. Ila kilichotokea kina aibu ya kutosha, hakihitaji kuongezwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kona yangu ndani ya duka la vitambaa la Msomali mmoja pale Mayfair, huku Afrika Kusini, mashine moja na meza moja ya kukatia, na kulala nalala Berea, ambako tunachangia chumba na Mama Keza, mama wa Kirundi anayekaanga sambusa na kuuza kwenye stendi ya teksi, ndizo daladala za huku. Anayenijua atakwambia ugonjwa wangu ni mmoja, situlii. Nikikaa bila kazi mikononi nitafumua pindo lililo zima nilishone upya, nitapanga vifungo kwa rangi, nikimaliza nivipange kwa ukubwa, na Mama Keza husema mtu kama mimi akifa wamfunge mikono vizuri, la sivyo atafumua sanda.

Sasa, mdogo wangu Hemedi yuko Kanada. Mwaka ule baridi ilipoanza kwao, huku kwetu miti ya mijakaranda ndiyo kwanza inamwaga maua barabarani, kiwandani kwake walipunguza zamu, akawa anakaa nyumbani siku tatu kwa wiki, na kukaa kwetu sote ni shida, ni ugonjwa wa ukoo. Akaanza mchezo. Anakwenda benki, anabadilisha noti zake apewe sarafu, benki za kule huzifunga kwa karatasi kama misokoto ya biskuti, anarudi nazo nyumbani, anafungua msokoto mmoja mmoja, anachambua. Anatafuta za zamani. Aliniambia kwamba miaka ya nyuma sarafu zao zilitengenezwa kwa fedha (nasema fedha ile madini, ile ya bangili za bibi zetu, siyo fedha ya kununulia unga), baadaye serikali ikaona hasara ikaanza kutumia chuma cha kawaida, lakini zile za zamani hazikuisha zote, nyingine bado zinazunguka mikononi mwa watu na hakuna anayejua. Isiyofaa anairudisha benki, inayofaa anaiweka. Alikuwa ananitumia picha. Sarafu nyeupe, ukingo mweupe hauna hata alama ya wekundu wa shaba, na akiidondosha mezani inalia mlio mrefu kama kengele ndogo, akanirekodia na huo mlio, nikausikiliza kwenye teksi mara sita mpaka abiria wa pembeni akanigeukia.

Hapo ndipo mikono ilipoanza kuniwasha.

Nilijiambia, Afrika Kusini nayo ni nchi ya zamani, wamepita humu watu wa kila namna, haiwezi kukosa. Hemedi alinionya kwamba huku pesa zimebadilishwa mara kadhaa, za zamani zilishaondolewa, nitapoteza muda, lakini mtu asiyetulia akiambiwa atapoteza muda anasikia neno muda tu. Nikachukua randi mia nne zangu mwenyewe, nikaenda benki moja ya karibu na dukani.

Benki za huku hazifungi kwa karatasi, wanaweka sarafu kwenye vifuko vya nailoni, na tena hawapendi kumpa mtu tu hivi hivi, wanataka mwenye biashara. Nilipofika dirishani nikamwambia yule binti nataka mia nne yote iwe sarafu za randi mbili. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa kile kipaza sauti chao kinachopeleka sauti mpaka mlangoni, za nini. Nikageuka kidogo, si kwa sababu yoyote, ni ile kutotulia kwangu tu, na nyuma yangu kabisa kwenye foleni amesimama Bi Rukia.

Bi Rukia ni mke wa mwenyekiti wa madrasa yetu. Ni Mzanzibari, mtu mzima, mpole wa sauti, lakini akisema jambo Mayfair limeshasemwa. Na wiki zile kamati ya madrasa ilikuwa inaamua nani apewe kazi ya kushona kanzu na baibui za watoto kwa mwaka mpya, watoto zaidi ya mia, kazi ambayo ingenitoa kwenye kona ya duka la mtu ikaniweka kwenye duka langu. Nilikuwa nimeshapeleka sampuli mbili. Sasa niseme nini mbele yake? Niseme mimi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimeacha mashine yangu asubuhi ya kazi ili nikachambue sarafu kama mtoto anayetafuta karanga nzima kwenye mchanga? Nikasema za madrasa. Nikasema nakusanya chenji kwa ajili ya watoto wa madrasa.

Yule binti akanipa. Ingekuwa heri angeninyima.

Bi Rukia alinishika bega pale pale. "Kumbe wewe, Zuhura," alisema. "Sisi tunakuona unahangaika na nyuzi tu, kumbe una la kheri unalolifanya kimya kimya. Allah akulipe, mwanangu." Nikamwambia shikamoo, ndiyo salamu niliyokuwa nimesahau kuitoa mwanzo, nikatoka na vifuko vyangu vikinivuta mkono mpaka begani.

Katika vifuko vile sikupata kitu. Sarafu ya randi mbili ina picha ya tandala upande mmoja, na siku ile niliona matandala mpaka nikawa nayaona nikifumba macho. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikazirudisha kwenye benki nyingine, ya Fordsburg, nikachukua nyingine, kesho yake nikapanda teksi mpaka Rosettenville kwa sababu nilifikiri kule kuna Wareno wazee, wazee ndio wenye vitu vya zamani, na kote nikiulizwa nasema madrasa, madrasa, lile neno likawa jepesi mdomoni kama bismillahi. Benki moja mlinzi alinifuata mpaka kwenye roboti, yaani taa za barabarani, akitaka kuhakikisha naondoka. Dukani kazi ilianza kulala. Kulikuwa na gauni la harusi la binti wa mwenye duka, nilikuwa nalishona huku nachambua, sindano mkono huu sarafu mkono huu, na siku ya kujaribisha binti akavaa akakwama, kumbe nimeshona mikono miwili yote ya kushoto. Baba yake alikwenda kusimama nje.

Mama Keza ndiye aliyekuwa ananiambia ukweli. Aliniuliza nikiipata hiyo fedha nitaifanyia nini, nikamwambia sitaki kuiuza wala kuivaa, nataka tu siku moja niguse kitu nikijue kwamba ndicho. Akasema basi ni ugonjwa, akarudi kwenye unga wake.

Na huku nyuma Bi Rukia alikuwa ameshasema, kwa hiyo limeshasemwa. Wiki ya pili mama mmoja wa Dar akaja dukani na chupa ya siagi ya karanga iliyojaa sarafu, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia, akasema hizi za watoto, fundi. Nilitaka kumwambia hapana, dada, umesikia vibaya. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini macho yakaenda kwenye ile chupa, nikaona sarafu zimebanana kwenye kioo, ukingo kwa ukingo, na sarafu hizi hazikutoka benki, zimekaa kwenye makabati ya watu miaka, nikasema Mungu akubariki, dada, weka hapo.

Baada yake wakaja wengine. Watu walileta kwenye makopo, kwenye soksi, mmoja alileta ndani ya buli. Ikabidi ninunue ndoo ya rangi ya lita ishirini, nikaiosha, baadaye ikabidi ninunue ya pili. Nikajitengenezea hoja (mimi kwa hoja nilipaswa kuwa wakili): nachambua tu, kisha zote zinakwenda madrasa, senti haipungui, kwa hiyo uongo wangu umegeuka kuwa kweli, na kweli ikishakuwa kweli hakuna haja ya kuuliza ilianzaje. Na ni kweli zilikwenda. Wiki moja kabla ya sherehe ya kufunga mwaka nilizipeleka ndoo zote mbili kwa teksi, dereva akanitoza nafasi za abiria wawili, na madrasa wakanunua juzuu mpya na mkeka wa darasa la wadogo. Hilo lingine hakuna anayelikumbuka, lakini nalisema.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Ramadhani.

Mzee Ramadhani ni Mrundi, alikuja huku kama mkimbizi, na kazi yake ni kulinda magari ya watu wanapoegesha nje ya maduka. Anavaa fulana ile ya njano inayong'aa, anakuonyesha kwa mkono urudi nyuma, urudi, simama, ukimaliza ununuzi wako unampa chochote, na huku chochote ni sarafu. Kwa hiyo mtu ambaye maisha yake yote ni sarafu ni yeye. Alikuja na kopo la biskuti, la bati, alilibeba kwa mikono miwili, akasema yeye hana kubwa, lakini watoto wa pale madrasa humsalimia kila Jumamosi, naye anataka kuwasalimia. Nilimpa kiti akakataa, magari hayana mtu.

Hakuwa hata amevuka barabara nikalimimina kopo mezani. Na katikati ya matandala nikaiona. Ilikuwa imezidi kidogo tu upana, weupe wake ni mwingine, laini, kama weupe wa meno. Upande mmoja kichwa cha malkia. Upande wa pili kichwa cha mnyama mwenye mapembe ya matawi matawi, na jina la nchi lilikuwa Kanada, na mwaka wake mimi sijazaliwa. Nikaidondosha juu ya meza. Ikalia ule mlio.

Sikukaa. Nilizunguka meza ile sijui mara ngapi. Nikapiga picha nikamtumia Hemedi, akanijibu kwa sauti, naye alikuwa anahema kama amekimbia: "Dada, hiyo ni fedha. Sarafu ya kwetu huku imekufuata wewe huko. Iweke pakavu." Alidhani amenipa furaha, kumbe amenikoroga.

Jambo la kufanya lilikuwa kutoka nje, hatua sitini, nimwonyeshe Mzee Ramadhani, nimwambie mzee, hii si randi mbili, hii ina asili yake, unataka tuifanyeje. Hatua sitini tu. Badala yake nikatoa randi mbili yangu mfukoni, nikaitia kwenye ndoo, nikajiambia nimebadilishana, ni halali. Nikaichukua.

Tangu hapo sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Niliiweka kwenye kopo la vifungo nikaitoa, nikaishonea kwenye mto nikaufumua asubuhi, nikaiweka kwenye kiatu nikachechemea, maana chumba chetu cha Berea mafundi wa bomba walikuwa wanaingia na kutoka wiki nzima. Nikiwa dukani nilikuwa namwona Mzee Ramadhani kupitia kioo, anainua mkono kunisalimu, mimi nainua mkasi. Mwishowe nikaona pa usalama ni kiganjani tu. Nikawa natembea nayo mkononi.

Ndivyo nilivyokwenda nayo kwenye sherehe. Ilikuwa Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, ukumbi wa madrasa umejaa, wanaume upande huu wanawake upande huu, watoto wamekaa chini mbele wakiwa na kanzu zao za mwaka ule zilizofupika. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jipya la kushona mwenyewe, na (hapa mnaweza kucheka) fundi mzima nilikuwa nimelikata bila mfuko. Nilijikalia nyuma, karibu na mlango, sarafu imebanwa kwenye kiganja cha kulia, jasho linanitoka. Mtoto wa darasa la juu alisoma Qur'ani vizuri sana. Ustadhi akatoa zawadi za waliohifadhi. Halafu akasema kuna mtu mmoja ambaye hakutaka kujulikana, na moyo wangu ulikuwa bado haujaelewa wakati Bi Rukia ameshafika kwenye kiti changu, amenyoosha mikono yote miwili anataka kushika mikono yangu yote miwili aninyanyue.

Nilikuwa na muda mfupi sana wa kufikiri. Nikajifanya nakohoa, nikapeleka kiganja mdomoni, nikaitupia ndani. Kisha nikampa mikono yangu, mitupu, safi.

Nikapelekwa mbele. Ustadhi alizungumza habari za watu wanaotoa kwa mkono wa kulia hata wa kushoto usijue, na mimi wa kulia ulikuwa umelowa jasho unaniangalia. Nikapewa birika la umeme ndani ya boksi lake na cheti kilichowekwa kwenye fremu, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya dhahabu. Bi Rukia akanong'ona kwamba na lile jambo la sare za watoto tutaongea wiki hii, nisiwe na shaka. Halafu wakanipa kipaza sauti niseme maneno mawili.

Kinywa changu kilikuwa kimejaa mate yenye ladha ya chuma. Niliisukuma sarafu kwenye shavu, nikajaribu kusema asanteni, ikatoka kitu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Wanawake wa mbele wakainamisha vichwa, walidhani nalia. Mmoja akaanza kulia yeye. Ustadhi akasema chukua muda wako, dada yetu, na nilipojaribu kumeza mate ili niseme tena ile sarafu ikateleza kuelekea kooni, nikakohoa, safari hii kikohozi cha kweli, na ikatoka. Ikapiga kipaza sauti. Ukumbi mzima ulisikia ule mlio mrefu wa Hemedi, mkubwa, kwenye spika mbili. Kisha ikadondoka chini ikaviringika kwa raha zake katikati ya watoto.

Msichana mmoja mdogo akaiokota, akaifuta kwenye kanzu ya mwenzake, akaitazama. Hawa watoto waliozaliwa huku Kiswahili wanakisikia tu, hawakisemi, akasema kwa Kiingereza kwamba teacher, hii ina mbuzi na mama, siyo pesa ya kweli. Ustadhi akaipokea, akaigeuza, akanitazama mimi, akatazama sarafu. Hakuelewa, na nani angeelewa? Akauliza kwa upole tu kama kuna anayejua kitu hiki ni cha nani.

Upande wa wanaume, safu za nyuma, Mzee Ramadhani akasimama.

Alikuja bila ile fulana yake ya njano, na bila ile fulana nilimwona mdogo zaidi. Kofia ilikuwa mkononi. "Mimi nisamehewe," alisema. "Ile feza ni mimi niliiweka. Walinipa pale kwenye magari, nikaenda nayo dukani wakanikatalia, nikaenda kwingine wakanikatalia. Nikajua haina kazi. Nikaiweka kwenye kopo la watoto. Nilifanya vibaya."

Alifikiri ameitwa. Alifikiri mimi nimepanda pale mbele na kuitema ili watu wote waone kwamba katika sadaka ya madrasa kuna mtu aliyetia pesa bandia. Na wapo waliofikiri hivyo hivyo, maana nilisikia mnong'ono ukienda upande wake, na mtu mmoja aliyekuwa amekaa jirani naye akavuta goti lake pembeni. Kidogo tu. Mzee Ramadhani akaliona.

Nitawaambia jambo ambalo nimewaambia watu wachache. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili, nilinyamaza. Birika ninalo, cheti ninacho, sare za watoto karibu ni zangu, na mzee wa watu ameshajibebesha. Ningesema tu hakuna neno, mzee, ni bahati mbaya, kaa, na watu wangenisifu mara ya pili kwa kusamehe. Hilo lilinipitia kichwani likiwa limekamilika, pamoja na maneno yake.

Lakini alikuwa hajakaa. Alikuwa anasubiri aambiwe.

Nikasema. Sikumbuki nilianza wapi, nadhani nilianza katikati, nikasema ile si bandia, ile ni fedha, madini, na mzee hakufanya vibaya lolote, mimi ndiye niliyeitoa kwenye kopo lake bila kumwambia, na kwamba mimi siku ile ya kwanza benki sikuwa nakusanyia madrasa chochote, nilikuwa natafuta sarafu za zamani kwa ajili yangu, nikasema uongo kwa sababu niliona haya mbele ya Bi Rukia, na ninyi mlioleta chupa zenu mlileta kwenye uongo, ingawa zote zimefika. Yote hayo nikayasema kwenye kipaza sauti, kwa sababu sikujua kama bado nimekishika, na spika zikapeleka mpaka barabarani, jamaa wa Kisomali wa duka la jirani wakaja mlangoni kuona nani anahutubia. Hakuna aliyecheka. Kucheka walicheka baadaye, mitaani, na bado wanaendelea.

Ustadhi alitembea mpaka safu za nyuma, akampa Mzee Ramadhani sarafu yake, akamshika mkono, akasubiri akae ndipo akarudi. Mimi nikaweka birika na cheti juu ya meza. Bi Rukia alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikatembea kwa miguu mpaka Berea, njia yote ile, sikuweza hata kusimama kungojea teksi.

Sare za watoto alipewa fundi wa Fordsburg, na nasikia anashona vizuri, mishono yake imenyooka. Bi Rukia alikaa mwezi mzima hanipitii. Siku alipokuja alileta blauzi yake nimpunguzie kiunoni, hakugusia chochote, alipolipa akaniwekea sarafu mezani moja moja, akasema, "Zikague, mwanangu, uone kama kuna unayoipenda." Mimi nikatazama chini. Lakini alirudi tena wiki iliyofuata na nguo nyingine, basi nimelichukua hilo kuwa ndiyo msamaha wake.

Mzee Ramadhani naye alikuja, wiki ya pili tu baada ya sherehe, na suruali ya kupunguza urefu. Safari hii alikaa kwenye kiti. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi lakini yeye akataka kujua kwanza ile sarafu ina thamani gani hasa. Nikamwambia Hemedi amesema, kwa fedha iliyomo, ni kama bei ya kuku mmoja. Akanitazama. "Kuku mmoja," alisema, "na weye ulizunguka vile?" Akacheka mpaka akafuta macho, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba miaka mingi anasimama pale kwenye magari, na watu wengine wakirudi wanahesabu kwanza vioo vyao kabla hawajampa kitu, amezoea. Ila pale madrasa ndipo mahali pamoja katika mji huu ambapo anaitwa mzee. "Siku ile niliposimama nikasema, basi, na hapa napo pameisha," alisema. "Halafu weye ukaongea. Nikaweza kukaa chini."

Nilijifanya natunga uzi. Ule uzi haukuingia, nikaulowesha nikaurudia, haukuingia, mpaka yeye mwenyewe akachukua sindano, akautunga, akanirudishia. Suruali yake nilimshonea akingoja, sikupokea kitu.

Kwa hiyo jamani, ndiyo hiyo. Tangu hapo sijaomba benki hata sarafu moja, Hemedi akinitumia ule mlio naufuta kabla haujaisha. Na nimejiwekea nadhiri moja, wala si kubwa: mtu akiniuliza nafanya nini, na ninachofanya ni upuuzi, nitamwambia ni upuuzi, awe nyuma yangu Bi Rukia au awe nyuma yangu mji mzima. Afadhali watu wanicheke mimi pale pale kwenye foleni, kuliko siku moja asimame mtu mwingine, kofia mkononi, anaomba radhi kwa niaba yangu.